Samaki Jiwe Hamfuati Mtu: Hotuba kuhusu Mwili Wake, Sumu Yake na Tiba Yake

Ndugu wavuvi, wapiga mbizi, wahudumu wa afya, walimu, na nyote mnaoingia kwenye mwamba kwa kazi au kwa matembezi, karibuni.

Leo tunamzungumzia samaki jiwe, na tunaanza na jambo ambalo ndilo mzizi wa mengine yote: samaki huyu hamfuati mtu. Hamrukii, hamng'ati, wala hana msuli wa kusukuma sumu nje ya mwiba. Nguvu inayoitoa sumu yake ni uzito wa aliyemkanyaga au mkono wa aliyemshika. Ukilishika hilo, utaelewa kwa nini watu huchomwa mahali fulani na si kwingine, kwa nini jeraha moja ni baya kuliko jingine, na hata namna daktari anavyokadiria dozi ya dawa. Kwa hiyo hatutaanza na huduma ya kwanza, ingawa tunajua wengi mmeijia hiyo. Tutaanza na mwili wa samaki.

Kuna spishi tano hivi za samaki jiwe wa kweli, zote za jenasi ya Synanceia. Mbili ndizo zenye kuwapata watu zaidi. Ya kwanza ni Synanceia verrucosa, iliyoelezwa kitaalamu na Bloch na Schneider mwaka 1801, nayo ndiyo iliyoenea kuliko zote: kuanzia Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki, kukatiza Bahari ya Hindi, hadi visiwa vya Polinesia ya Kifaransa, kaskazini hadi visiwa vya Ryukyu huko Japani, kusini hadi Queensland, Australia. Tangu mwaka 2010 ameonekana pia mashariki mwa Bahari ya Mediterania. Ya pili ni Synanceia horrida, aliyeelezwa na Linnaeus mwaka 1766, ambaye hupenda zaidi maji ya tope na midomo ya mito, ingawa kwenye mwamba pia yupo. Anayetaka kuwatofautisha bila kubahatisha ahesabu miale ya pezi la ubavuni: verrucosa ana 18 au 19, horrida ana 15 hadi 17. Macho nayo husaidia. Ya horrida yameinuka juu sana ya kichwa, na chini ya kila jicho pana shimo refu. Kwa aliyechomwa, tofauti hii haina uzito. Huduma ni ile ile.

Wengi wanaoonekana wana urefu wa sentimita 25 hadi 30. Verrucosa mkubwa hufika sentimita 40 na kilo 2.4. Anakaa kuanzia vidimbwi vinavyobaki maji yanapokupwa hadi kina cha mita 30 hivi, na hapo kwenye maji ya magotini ndipo anapokutana na nyayo zetu.

Sasa tutazame umbile lenyewe, maana hapa ndipo penye utajiri. Samaki jiwe hana magamba. Ngozi yake ni nene, legevu, imejaa vinundu, na vinundu hivyo hutoa ute mweupe kama maziwa. Juu ya ute huo hunasa mchanga, vipande vya mwani, hata viumbe vidogo vinavyoshika mizizi kwenye mawe. Rangi yake huwa ya kijivu au kahawia yenye mabaka mekundu, ya manjano au ya chungwa, kulingana na mahali alipo. Ngozi ikishazidiwa na uchafu huo, huivua tabaka la juu na kuanza upya. Msifikiri kwamba mtu mwenye macho mazuri atamwona. Wapo wapiga mbizi wazoefu wanaoonyeshwa kwa kidole, umbali wa hatua moja, na bado wakaona jiwe. Usalama wako usiuweke kwenye macho yako peke yake.

Samaki wengi wa mifupa wana kibofu cha hewa kinachowafanya waelee. Samaki jiwe hana. Akiacha kupiga mapezi anazama, na kwa maisha anayoishi hilo ni faida. Kuogelea kwake ni kwa shida, mirukomiruko mifupi karibu na chini. Mapezi yake mawili ya ubavuni ni mapana na yana nyama. Kazi yake kubwa ni kuchimba. Huyatumia kusukuma mchanga pembeni, mwili unashuka, na mchanga unarudi kumfunika mgongo hadi yabaki macho na mdomo tu. Kwenye mwamba mgumu hufanya vingine: hujibana kwenye ufa, chini ya kingo, au katikati ya kokoto za matumbawe yaliyovunjika.

Mdomo wake umeelekea juu, karibu wima. Hii ni alama nzuri ya kumtambua ukimwona kwa karibu ndani ya chombo au kwenye wavu. Analala akingoja, pengine kwa saa nyingi, hadi samaki mdogo au kamba apite juu ya mdomo huo. Halafu anafungua taya na kupanua koo kwa ghafla. Maji yanavutwa ndani na windo linakwenda nayo. Watafiti waliompiga picha kwa kamera za kasi wamepima shambulio hilo kuwa sekunde 0.015. Jicho la mtu haliwezi kulifuata. Utaona tu kwamba samaki mdogo aliyekuwapo hayupo, na jiwe liko pale pale.

Angalieni kwamba katika uwindaji huo wote sumu haitumiki hata kidogo. Windo linamezwa zima, likiwa hai. Sumu ni ya mgongoni, ni ya kujikinga na wanaomjia kutoka juu, hasa taa na papa wanaokula chini ya bahari. Nyoka mnene wa baharini, Hydrophis stokesii, naye anaripotiwa kumla. Samaki asiyeweza kukimbia lazima awe na sababu nyingine ya kuachwa.

Miiba yenye sumu ni 18: 13 kwenye pezi la mgongo, 3 kwenye pezi lililo nyuma ya tundu la haja, na mmoja mmoja kwenye mapezi mawili ya tumboni. Ya mgongo ndiyo inayoumiza watu wengi. Ile ya chini wengi huisahau, na hao ndio wanaochomwa wakimbeba wakidhani kumshika tumboni ni salama.

Kila mwiba wa mgongo ni mfupa mfupi, mnene, mgumu sana, wenye mfereji kila upande. Ndani ya mifereji hiyo zimelala tezi mbili za sumu, nene katikati, nyembamba kuelekea ncha. Mwiba na tezi zake vimefunikwa na ala ya ngozi yenye vinundu kama mwili wote, kwa hiyo samaki akiwa ametulia hakuna ncha inayoonekana. Akiguswa au maji yakitikisika karibu, huisimamisha miiba, wala hakimbii. Unyayo ukishuka, ncha inapenya, na ala inasukumwa chini kuelekea mgongoni. Ikishuka hivyo inazikandamiza tezi, nazo zinapasuka na kupandisha sumu kupitia mifereji hadi ndani ya jeraha. Ni kama kukamua ndimu: kadiri unavyobana, ndivyo inavyotoka. Ndiyo maana mtu mzima aliyemkanyaga kwa uzito wote huumia zaidi ya aliyemgusa kwa pembeni na kujiondoa. Ndiyo maana pia idadi ya matundu ya miiba ni habari ya kwanza ambayo daktari ataihitaji. Kila mwiba hubeba miligramu 5 hadi 10 za sumu. Iwekeni namba hiyo kichwani, tutairudia.

Kuna silaha nyingine ambayo wataalamu hawakuifahamu hadi hivi karibuni. Mwaka 2018 kundi la watafiti likiongozwa na W. Leo Smith wa Chuo Kikuu cha Kansas lilieleza kwamba samaki wa ukoo huu wana mfupa chini ya jicho wenye mwiba unaoweza kuzungushwa kwa nje na kufungwa hapo, ukabaki umetokeza pembeni ya uso. Hauna sumu, lakini unamfanya samaki awe mgumu kumezwa. Kwa sisi tunaowashika, maana yake ni kwamba hata shavu la samaki huyu si mahali pa kuweka kidole.

Tuje kwenye sumu yenyewe. Ni mchanganyiko, na sehemu yake kubwa ni protini. Iliyochunguzwa zaidi inaitwa stonustoksini, inayotoka kwa horrida. Verrucosa ana ya kwake inayofanana nayo, verrukotoksini. Stonustoksini imeundwa na vipande viwili vinavyoshikana. Mwaka 2015 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Monash huko Melbourne walichapisha umbo lake kamili, na likaonekana kuwa jamaa ya mbali ya perforini, protini ambayo seli zetu wenyewe za kinga huitumia kutoboa seli zilizoambukizwa. Protini za sumu hujipanga kwa duara kwenye utando wa seli na kufungua tundu. Seli inapoteza mpaka wake, vilivyo nje vinaingia, vilivyo ndani vinatoka. Pamoja nazo kuna kimeng'enya cha hayaluronidesi, ambacho huyeyusha kitu kinachoshikanisha tishu, ili sumu isambae haraka kuliko ambavyo ingesambaa yenyewe.

Mtu aliyechomwa huhisi nini? Maumivu hapo hapo, makali kupita kiasi, yakipanda mguuni hadi kinenani au mkononi hadi kwapani. Huendelea kuongezeka, na kwa kawaida hufika kilele ndani ya saa moja hadi moja na nusu. Bila tiba yanaweza kudumu nusu siku au zaidi. Jeraha hubadilika rangi kuwa la bluu au kijivu, halafu linavimba, na uvimbe unaweza kupita kiungo kizima na kukaa siku nyingi. Wengine hutapika, hutoka jasho, hulegea, huzimia. Wakati mwingine mishipa ya damu inalegea na shinikizo la damu kushuka, mapigo ya moyo yanavurugika, au mapafu yanajaa maji. Vifo ni vichache sana, lakini vimeripotiwa. Mtaalamu wa samaki J.L.B. Smith, yule aliyemtambulisha kwa ulimwengu silikanti, samaki wa kale aliyedhaniwa ametoweka, alichomwa Msumbiji na kuchapisha maelezo ya kisa chake mwaka 1951. Tunamtaja kwa sababu alikuwa mtu aliyewajua samaki kuliko karibu kila mtu wa wakati wake, na bado alichomwa.

Sasa kinga, tukiifuata kutoka kwenye mwili tuliouona.

Wengi mmefundishwa kuburuta miguu mnapotembea ndani ya maji. Kwa taa, ushauri huo ni mzuri, kwa sababu taa akisikia mtikisiko anaondoka. Samaki jiwe haondoki. Mtikisiko unamfanya asimamishe miiba tu. Mtu anayeburuta miguu peku hajajikinga naye, na tunawaomba wanaowafundisha watoto wa pwani wautofautishe ushauri huu vizuri.

Kinachosaidia ni soli. Isiwe ndara, wala kiatu cha kitambaa cha kuogelea, wala buti laini la mbizi lenye soli nyembamba. Mwiba hupita hapo. Kinatakiwa kiatu kilichofunika vidole na visigino, chenye soli nene na ngumu isiyokunjika kirahisi. Hata hicho hakikupi ruhusa ya kukanyaga ovyo. Kazi yake ni kuupunguza urefu wa mwiba unaoweza kufika kwenye nyama, na kwa jinsi tezi zinavyofanya kazi, kila milimita inayozuiwa ina maana.

Cha pili ni fimbo. Anayetembea juu ya mwamba wakati wa maji kupwa aguse kwa fimbo mahali anapotaka kuweka mguu, hasa kwenye mchanga ulio kati ya mawe na kwenye kokoto za matumbawe. Jiwe halibonyei. Kitu kinachobonyea, au kinachoinua safu ya nundu mgongoni kikiguswa, kipishe. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, watu wengi hufika sehemu za mwamba wasizozizoea. Hapo ongezeni umakini, na usiku nendeni na taa yenye mwanga wa kutosha. Samaki huyu anaweza kukaa nje ya maji kwa saa kadhaa akiwa hai, almradi ngozi haijakauka. Mwamba ulioachwa wazi na maji si mwamba usio na samaki jiwe.

Wanaotafuta pweza na kome wana hatari ya mikono. Usiingize mkono kwenye shimo usiloliona ndani, na usigeuze jiwe kwa kupitisha vidole chini yake. Tumia kulabu au chuma. Glavu za kitambaa hazizuii chochote. Za ngozi nene zinapunguza kidogo. Kwa wapiga mbizi tuna neno moja: jifunzeni kuelea sawasawa. Anayepiga magoti chini ili atulize kamera, au anayeshika mwamba mkondo unapovuta, ndiye anayempelekea samaki huyu uzito anaouhitaji. Na kwa waogeleaji, kurukaruka kwenye maji ya kifuani na kutua kwa kisigino ni namna mbaya kuliko zote ya kukutana naye.

Huduma ya kwanza. Tunaomba hapa kila mtu asikilize kwa makini, maana makosa yanayofanyika ni yale yale kila mahali.

Mtoeni mgonjwa majini mara moja. Maumivu haya yanaweza kumzimisha mtu, na kuzama ni hatari iliyo karibu kuliko sumu. Mlazeni au mketisheni, na mtu mmoja aende kutafuta usafiri wakati wengine wanaendelea. Angalieni jeraha: hesabuni matundu, na yaandikeni, pamoja na saa aliyochomwa. Kipande cha mwiba kinachoonekana na kinachotoka kwa urahisi kitoeni kwa kibano, kilichozama kiacheni. Suuzeni kwa maji safi.

Kisha maji ya moto. Yawe ya nyuzi 42 hadi 45 za Selsiasi, yasizidi 45. Zamisheni sehemu iliyochomwa yote kwa dakika 30 hadi 90, mkiongeza maji ya moto kidogo kidogo kadiri yanavyopoa. Kabla ya kuongeza, kitoeni kiungo kwenye chombo, changanyeni, pimeni, ndipo kirudi. Kama hakuna kipimajoto, anayepima ni mtu mwenye ngozi nzima: msaidizi atie kiwiko, halafu mgonjwa mwenyewe atie mguu au mkono usioumia. Kikivumilia hicho, kinafaa. Msikubali kabisa mgonjwa apime kwa kiungo kilichochomwa. Kimejaa maumivu, au kimekufa ganzi, hakiwezi kutofautisha maji ya moto na maji ya kuunguza. Tunasisitiza kwa sababu wapo watu ambao jeraha la mwiba lilipona wakabaki na kovu la kuungua.

Kwa nini moto unafaa? Protini za sumu hii hazistahimili joto. Katika maabara, sumu iliyopashwa moto hupoteza makali yake. Ndani ya nyama hatuwezi kufika kwenye joto la maabara bila kumpika mgonjwa, na sehemu ya nafuu inatokana na jinsi joto linavyotuliza mishipa inayobeba maumivu. Kwa vyovyote, wengi hupata nafuu. Maumivu yakirudi baada ya kutoa kiungo majini, kirudisheni.

Na haya msiyafanye. Msifunge kamba juu ya jeraha. Msifunge bendeji ya kubana kama ile ya nyoka: sumu hii inaharibu tishu pale ilipo, na kuifungia mahali pamoja huku damu ikizuiwa ni kuongeza uharibifu. Msichanje, msinyonye, msimwagie mafuta ya taa wala tindikali. Barafu haifai hapa. Kinachofanana kwa makosa yote hayo ni kwamba yanamla mgonjwa muda ambao angekuwa kwenye maji ya moto au njiani kwenda hospitali.

Kila aliyechomwa na samaki jiwe aonwe na mhudumu wa afya, hata akipata nafuu. Apelekwe haraka zaidi akiwa mtoto, mzee, mjamzito, au mwenye ugonjwa wa moyo. Akiwa na matundu mengi. Au akianza kuzimia, kupumua kwa shida, au kutapika.

Kwa wahudumu wa afya. Dawa za kawaida za maumivu, hata kali, mara nyingi hazitoshi. Ganzi ya kuchoma kwenye jeraha au kuzuia neva ya eneo hilo, kwa lidokeini au dawa ya muda mrefu zaidi, husaidia sana. Lakini mkishampa ganzi, acheni maji ya moto, kwa sababu ile ile ya kuungua. Fanyeni eksirei au ultrasaundi kutafuta vipande vya mwiba, hasa karibu na kiungo cha mfupa. Kipande kilichobaki ni chanzo cha kidonda kisichopona kwa wiki nyingi. Angalieni chanjo ya pepopunda. Jeraha lenye kina, lililochafuka, au la mtu mwenye kisukari au ugonjwa wa ini, lifikirieni dawa za bakteria zinazofika kwenye vijidudu vya baharini vya jenasi ya Vibrio, na lichunguzeni tena baada ya siku moja au mbili.

Seramu ya kuzuia sumu ipo. Ilitokana na kazi ya Saul Wiener katika maabara ya seramu ya Commonwealth Serum Laboratories, Melbourne, miaka ya 1950, na ikaanza kutolewa mwaka 1959. Hutengenezwa kwa farasi waliopewa sumu ya samaki jiwe kidogo kidogo hadi damu yao ikajenga kinga. Ampuli moja, yaani kichupa kimoja cha dawa, ina yuniti 2,000 na huzima miligramu 20 za sumu. Sasa rudini kwenye ile namba ya mwanzo: mwiba mmoja, miligramu 5 hadi 10. Miiba miwili iliyojaa ni miligramu 20. Kwa hiyo tundu 1 au 2, ampuli 1. Matundu 3 au 4, ampuli 2. Matundu 5 au zaidi, ampuli 3. Dozi nzima imejengwa juu ya umbile la mwiba. Na mtoto hapunguziwi, kwa sababu tunachokizima ni sumu iliyoingia, nayo haipungui kwa kuwa mwili ni mdogo.

Seramu hii si ya kila aliyechomwa. Ni ya mwenye maumivu yasiyotulia, uvimbe unaosambaa, au dalili za mwili mzima. Huchomwa kwenye msuli. Kwa mgonjwa aliye hatarini, madaktari wa dharura huweza kuichanganya na kuipitisha polepole kwenye mshipa. Kwa kuwa ni protini ya farasi, adrenalini iwe imeshavutwa kwenye sindano kabla ya kuanza, maana mshtuko wa mzio unaweza kumpata yeyote. Mgonjwa aambiwe pia kwamba akipata homa, vipele na maumivu ya viungo ndani ya wiki mbili, arudi: huo ni mwili kuikataa seramu, na una tiba yake. Hifadhi ni kwenye nyuzi 2 hadi 8, bila kugandisha. Kituo ambacho hakina seramu bado kina sehemu kubwa ya tiba: maji ya moto, ganzi, uangalizi wa moyo na pumzi.

Kuna samaki wawili ambao watu huwachanganya na huyu. Mmoja ni nge-bahari, Scorpaenopsis diabolus, mwenye nundu mgongoni. Mdomo wake hauko wima, na akisumbuliwa hugeuza mapezi ya ubavuni kuonyesha rangi kali za manjano, chungwa na weusi. Anachoma, ingawa kwa ukali mdogo. Mwingine ni samaki simba, wa jenasi ya Pterois, ambaye wala hajifichi. Anaelea na mapezi yake marefu yenye mistari. Naye ana miiba 18, lakini ni mirefu na myembamba, na tezi zake ni ndogo. Ndiye aliyeonekana Florida mwaka 1985 na kuenea Karibea yote, mbali na kwao. Kwa wote hao maji ya moto ni yale yale.

Tumalizie na samaki aliyekufa, kwa sababu hapo ndipo wavuvi na wapishi huumia. Sumu imehifadhiwa kwenye tezi na inatolewa kwa kubanwa; uhai wa samaki hauhusiki. Samaki jiwe aliyekufa tangu asubuhi, au aliyetoka kwenye barafu, bado anachoma. Akiingia kwenye wavu au dema, msimwage katikati ya samaki wengine ambao mtu atawachagua kwa mkono. Mkamateni kwa koleo refu kwenye mdomo wa chini, ninyi mkiwa upande wa mbele. Kama mnamrudisha, mshusheni kwenye maji marefu, mbali na njia ya watu. Kama ni wa kuliwa, na kuna mahali wengi humla, kateni kwa mkasi mzito safu yote ya miiba ya mgongo pamoja na ngozi yake kuanzia kwenye shina, halafu mgeuzeni, mkate mitatu ya nyuma na ile miwili ya tumboni. Miiba itieni kwenye chombo kigumu chenye kifuniko. Isitupwe ufukweni, wala kwenye mfuko laini wa taka ambao mtu mwingine ataubeba. Nyama iliyopikwa vizuri haina tatizo, kwa kuwa moto wa jikoni ni mkali kuliko protini hizo zinavyoweza kustahimili.

Asanteni kwa kusikiliza. Wahudumu wa afya wenye maswali ya dozi wabaki mbele hapa.